Kwa Nini Naosha Kabureta kwa Ndimu

Espe mwanangu,

Nyie mmeondoka kwenda Magamba kumuaga bibi yako, mimi nimebaki hapa bandani Makanyagio na kabureta ya Mzee Kashindye. Niliwaambia kazi imenibana. Mama yako alinitazama kwa lile jicho lake, akasema, "Mtoto anaondoka kesho, wewe unabaki na vyuma." Kazi haijanibana hata kidogo. Kabureta hii ingeweza kusubiri mpaka wiki ijayo, maana pikipiki yenyewe imelala stoo tangu msimu uliopita bila mtu kuiulizia. Nimebaki kwa sababu nina jambo la kukuambia, na kwa mdomo limenishinda miaka kumi na sita.

Asubuhi nilijaribu kukurekodia sauti kwenye simu, kama mnavyofanya nyie vijana. Nimerekodi mara mbili na kufuta mara mbili. Naanza vizuri, nafika mahali fulani, nazima. Kwa hiyo nimechana kurasa kwenye daftari langu la kazi, usishangae ukiona alama za grisi.

Mambo ya kula, kulala, kusali na kuheshimu watu wa nyumba ya mjomba wako, mama yako ameshayasema mpaka umeanza kuitikia kabla hajamaliza. Hayo nayaruka. Ninachotaka kukuambia kinahusu kifua chako, na kinahusu kazi unayoiendea Mbeya. Nakuomba usome mpaka mwisho hata kama utachukia katikati.

Nianzie kwenye jambo unalolijua. Hapa mjini mtu akisema "Fundi Ndimu" kila mwenye bodaboda anajua ni baba yako. Jina hilo lilikuudhi. Ulipokuwa darasa la tano ulirudi nyumbani umenuna, wenzako wamekuita Mtoto wa Ndimu, ukaniuliza kwa nini nisioshe kabureta kwa petroli na thina kama mafundi wengine wote wa stendi. Nikakujibu kwamba thina inanichubua mikono. Ukaichukua mikono yangu ukaigeuza, ukasema, "Mbona haina kitu?" Nikakutuma dukani kununua sabuni. Sabuni ilikuwepo.

Kazi hii nilifundishwa na marehemu fundi mmoja kule Mishamo, kwenye makazi tuliyokulia sisi ambao wazazi wetu walitoka Burundi. Kwake kabureta ilikuwa kazi ya dakika kumi. Unaifungua, unaitumbukiza kwenye petroli, unaisugua kwa thina, halafu jeti, kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu la kupitishia mafuta, unakiweka mdomoni na kukipuliza mpaka kizibuke. Unafunga, mtu anapewa pikipiki yake anaondoka. Jioni ulimi wako mzito, kichwa kinagonga, ugali hauna ladha, unasema ni uchovu. Fundi wangu alikuwa anakohoa kila asubuhi na wala hatukuhusisha kikohozi chake na kazi yake. Tulisema ni sigara, ingawa hakuwahi kuvuta.

Na thina tulinunua ya kupima. Muuzaji anakumiminia kwenye chupa ya maji ya kunywa, ile ya nusu lita, kwa sababu ndicho chombo kilichopo. Petroli hivyohivyo, hata leo unaiona imepangwa kando ya barabara kwenye chupa za maji na za soda. Hakuna aliyeona ajabu. Mimi mwenyewe sikuona.

Ulikuwa umetimiza miaka mitatu. Mama yako alikuwa Sibwesa kwenye palizi ya shamba lake la mahindi. Wiki iliyotangulia mlikwenda naye wote wawili, mkanyeshewa mkiwa juu ya lori wakati wa kurudi, ukapata mafua kidogo. Kwa sababu hiyo safari iliyofuata alikuacha na mimi. "Siku chache tu," aliniambia, "na usimwache acheze na maji." Nikawa nakuja na wewe hapa bandani kila siku. Nilikutandikia kanga chini ya meza, nikakupa boliti na nati za kuchezea, ukawa unazipanga kuanzia ndogo mpaka kubwa. Ukikosea unazivuruga zote unaanza upya.

Siku ile jua liliwaka sana baada ya mvua. Nilikuwa nimelala chini kando ya injini ya pikipiki ya mteja aliyekuwa na haraka. Mezani palikuwa na chupa mbili. Moja ilikuwa na maji yetu ya kunywa. Nyingine ilikuwa na thina niliyonunua asubuhi, imebaki kama robo. Zote mbili zilikuwa na karatasi ileile ya bluu, na vitu vyote viwili ni vyeupe, ukiviangalia kwa macho huvitofautishi. Ukaja ukanigusa mguu ukasema, "Dawe, maji." Siku hizo uliniita Dawe, yaani baba, kwa Kirundi cha bibi yako. Na mimi bila kuinua kichwa nikakuambia, "Yapo hapo mezani, kunywa."

Nimeiandika sentensi hiyo na nimeiacha kama nilivyoisema. Hukuiba chupa ya mtu, na hukuwa mtundu. Uliomba ruhusa na baba yako akakupa.

Nikasikia unakohoa. Nilipotoka chini ya pikipiki ulikuwa umesimama, chupa iko chini inamwagika, macho yako yamejaa machozi na huwezi kulia. Harufu ilikuwa imejaa banda zima. Nikafanya kosa la pili, na hili nililifanya kwa nguvu zangu zote nikidhani nakuokoa. Nilikuingiza vidole kooni ukatapika. Nikakimbilia kwa mama muuza chai nikachukua kikombe cha maziwa, nikakunywesha, nikakutapisha tena. Watu walikuwa wametuzunguka wanasema, "Mtapishe, fundi, mtapishe mpaka itoke yote." Mwenye ile pikipiki ndiye aliyetupeleka hospitali, mimi nimekupakata nyuma, nahesabu unavyovuta pumzi. Zilikuwa fupifupi.

Nesi wa zamu, mama mmoja mwenye sauti ya chini, alininusa mikono kabla hajauliza kitu.

"Amekunywa nini?"

"Thina."

"Umemtapisha?"

"Ndiyo, mara mbili. Na maziwa nimempa."

Aliacha kuandika. Akasema, "Baba, kitu hiki kikikaa tumboni kina nafuu. Kikipandishwa juu ndiyo kinaingia kwenye mapafu. Bora ungemleta hivyohivyo." Hakunigombeza. Nilitamani anigombeze, maana ningepata cha kujibu.

Ulikaa na mpira wa oksijeni puani na mimi nimekaa pembeni nimeshika mguu wako, kwa sababu mikono yote miwili ilikuwa imefungwa sindano. Sikuwa na la kufanya. Mimi ni mtu wa kufungua kitu, kukitazama ndani na kukirekebisha. Pale nilitazama tu kifua chako kinavyoingia ndani kila ukivuta hewa, nikasikia aibu kwamba naweza kuzibua tundu dogo la chuma na hilo lako siwezi.

Siku ya kuruhusiwa daktari aliniita pembeni. Alisema, "Amepona, lakini kifua kina kovu. Atakua, atacheza, atasoma. Ila asikae kwenye thina, petroli, rangi wala moshi. Si kwa mwaka huu tu, ni maisha yake yote. Umenielewa?" Nikasema nimeelewa. Nilielewa vizuri kabisa. Maneno hayo nimekaa nayo peke yangu mpaka leo.

Mama yako hakuwepo daktari aliposema hivyo, alikuwa anakuvalisha nguo. Alikuwa amefika siku ya tatu, miguu ina tope la Sibwesa mpaka magotini. Aliuliza una nini. Kwenye karatasi walikuwa wameandika nimonia iliyotokana na kemikali. Mimi nikasema, "Nimonia," nikaishia hapo. Akakaa chini sakafuni, akashika kichwa, akasema, "Ni ile mvua ya kwenye lori. Nimemnyeshea mwanangu." Nikamwambia, "Labda."

Ni neno hilo moja tu. Sikutunga hadithi, sikuapa. Nilisema "labda", na nilipanga kwamba ukipata nafuu nitamweleza. Ukapata nafuu, nikasema nisimharibie furaha. Baadaye nikasema nisimkumbushe machungu. Mwisho ikawa hakuna tena njia ya kuanza, kwa sababu kila nikitaka kuanza ilinibidi kwanza nieleze kwa nini sikuanza siku zote zile.

Umekua unasema ulizaliwa na kifua kibovu. Umewaambia hivyo walimu, marafiki, hata yule daktari wa juzijuzi aliyekuandikia pampu ya kuvuta. Espe, ulizaliwa na kifua kizima. Mkunga alicheka siku ile akasema huyu ataimba kwaya, kelele zake zimefika barabarani.

Na mama yako. Umewahi kujiuliza kwa nini lile shamba la Sibwesa lipo kwa mama yako mdogo wakati ardhi ni nzuri na ilikuwa yake? Aliliacha mwaka ule. Hakusema sababu, na mimi sikuuliza kwa vile niliijua. Umemcheka mara ngapi kwa kuwavalisha wadogo zako masweta jua linawaka, kwa kuwaingiza ndani matone mawili yakidondoka? Na usiku kifua kinapokubana, anapokupaka dawa mgongoni anakuambia, "Nisamehe, mwanangu." Wewe unamjibu, "Mama, kwani wewe umefanya nini?" Nipo chumba cha pili nasikia. Anaendelea kukupaka.

Thina niliacha siku ileile. Petroli ya kuoshea nayo niliacha. Nilianza na maji ya moto na sabuni ya kipande, ikatoa tope na mafuta ya juu, ile lami ya petroli iliyogandia ndani haikusogea. Nikajaribu magadi, nikiona yanavyolainisha maharage. Nikaloweka kabureta ya mwalimu mmoja usiku kucha, asubuhi nikaikuta nyeusi, imeliwa vitundu vitundu, maana ile ni aluminiamu na magadi yanaitafuna. Nilitafuta nyingine nzima nikamfungia, nikamwambia ya kwake ilikuwa na ugonjwa wa zamani. Unaona nilivyozoea.

Ndimu niliipata kwa bahati. Mama yako alikuwa anasugulia sufuria, nikaona masizi yanavyoachia. Siki ya dukani pia inafaa. Unafungua kabureta yote, mipira na boya unaweka kando visiguse moto. Unakamulia ndimu kwenye maji yaliyochemka, unaloweka nusu saa, unatoa unasugua na mswaki uliochakaa. Jeti unazibua kwa njiti ya fagio la majani, maana waya wa breki unakwangua tundu likawa kubwa. Unasuuza na maji yenye baking soda kidogo ili uchachu ufe, unapuliza kwa pampu ya tairi badala ya mdomo, unaanika juani. Yote haya umeyaona tangu mdogo, nayaandika tu kwa sababu mkono wangu ukiandika hayo unatulia.

Lakini usidhani ndimu ni muujiza. Kabureta iliyolala na petroli ndani msimu mzima inataka kuloweka mara tatu, mara nne, na zingine nimezirudisha kwa wenyewe nikasema nimeshindwa. Madereva hawana subira hiyo. "Fundi, mimi nina abiria ananisubiri," ananiambia mmoja, "wewe unapika chai ya ndimu?" Wengi walihamia kwa wale wa stendi. Waliobaki ni wazee kama Kashindye, ambao pikipiki zao nazo zinapenda kupumzika. Mama yako alivumilia yote akidhani ni ukaidi wangu.

Nimeacha kuandika kidogo. Nilipokuwa nakueleza habari za nusu saa, nimeisahau ya Mzee Kashindye ndani ya sufuria. Imekaa zaidi ya saa nzima, imeingia rangi ya kijivu na kwenye ukingo imeanza kuliwa. Nimeitoa nimeisuuza, sidhani kama itaziba vizuri tena. Nitamwambia ukweli kwamba nimeiharibu mwenyewe. Ni ajabu jinsi ilivyo rahisi kumwambia yeye.

Miaka ile yote niliona kuacha thina ni kama nimelipa. Nilibeba jina la Fundi Ndimu nikaridhika nalo, nikajiona mtu aliyejirekebisha. Nilichobadilisha ni sufuria tu. Uongo uliendelea kukaa nyumbani kwangu, unakula na sisi.

Mara tatu nilikaribia kusema. Mara ya kwanza ni ulipopata komunio ya kwanza, nikaona nguo yako nyeupe nikashindwa. Mara ya pili ulikuwa kidato cha pili, ulipokimbia mbio za shule ukaanguka kabla ya kumaliza. Mwalimu alinipigia, nikakukuta kivulini midomo imebadilika rangi. Njiani ukaniegemea mgongoni ukasema, "Baba, samahani nimekusumbua, kifua changu nilizaliwa nacho hivi." Wewe ndiye uliyeomba msamaha. Nilisimamisha pikipiki, ukauliza kuna nini, nikasema nasikiliza injini.

Mara ya tatu ilikuwa kwa ajili ya rangi. Ulianza kuandika majina kwenye mapanga ya bodaboda, yale mabati ya juu ya tairi, na mkono wako ulikuwa mzuri kuliko wa mtu yeyote hapa mjini. Watu walileta pikipiki zao kwako kuliko walivyozileta kwangu. Mimi nikawa nakufukuza bandani. Nikakuhamishia nje, upande upepo unakotoka, kila mara nakuambia toka hapo, sogea, imetosha. Siku moja ulitupa brashi chini. "Ungekuwa na mtoto mkubwa wa kiume ungemfundisha," ulisema. "Mimi unanifukuza kwa sababu ni msichana." Nilikuangalia ukilia, nikajua naweza kukufuta machozi hayo kwa sentensi moja. Nikaokota brashi nikakupa. Ulikubali kwamba baba yako ni wa aina hiyo, na mimi nikakuacha ukubali.

Sasa mjomba wako Deo amekuita Mbeya, kwenye gereji yake ya kupuliza rangi magari. Ulivyoruka siku ile na simu mkononi, sijawahi kukuona hivyo. Nikaanza kutoa sababu za kijinga. Nikasema Mbeya kuna baridi. Nikasema mama yako atabaki na kazi nyingi. Nikasema kwanza usubiri mwaka. Ukanijibu kwa upole, kama mtu anayemjibu mzee, "Baba, wewe unaogopa tu nisikue." Deo naye akanipigia akaniambia, "Shemeji, mwachie mtoto, ana kipaji." Deo hajui. Hakuna anayejua.

Wiki hii nilikwenda kumtazama mpuliza rangi mmoja hapa mjini. Amefunga kitambaa puani, ndani ya chumba cha mabati, hewa yote ina rangi ya gari. Nilisimama mlangoni dakika chache macho yakaanza kuwasha. Nikamuuliza kifua kinakuwaje. Akacheka akasema, "Jioni tunakunywa maziwa, fundi, yanasafisha yote." Mimi habari za maziwa nazijua. Nimerudi nyumbani nikakuta umekunja nguo zako unaimba, nikashindwa kula.

Sijui mapafu yako yatastahimili kiasi gani. Huenda daktari wa siku ile alizidisha, huenda umekua na kovu limekuwa dogo. Huenda kwa Deo kuna vile vifaa vya kuvaa usoni ambavyo naviona kwenye simu, sijui. Huenda ipo kazi ya kuandika mabango kwa brashi, mahali pa wazi, ukabaki na kipaji chako na pumzi yako. Ninachojua ni maneno aliyoniambia: thina, petroli, rangi, moshi, maisha yake yote. Waambie madaktari wa sasa maneno hayo na uwaambie ulikunywa nini, wapime upya kwa ukweli, si kwa hadithi ya mvua. Ningekuwa baba wa maana ungekuwa umepimwa hivyo zamani.

Sikuandikii ili nikuzuie. Nimepoteza haki ya kukuzuia, na hata ningekuwa nayo sijui ningeitumiaje, kwa sababu nikikuzuia nakunyima kitu cha kwanza ulichokipenda, na nikikuachia nakupeleka kwenye chupa ileile kwa mara ya pili. Nimekaa hapa tangu mmeondoka nikitafuta njia ya tatu, sijaiona. Uamuzi ni wako, na najua siyo haki kukutupia uamuzi huu siku moja kabla ya safari. Ungepaswa kuwa na miaka ya kuufikiria.

Wala sikuombi unisamehe. Mama yako amekuomba msamaha mara nyingi kwa kosa ambalo si lake, na neno lenyewe naliona limechoka. Ukitaka kunichukia, nichukie hapa nyumbani au ukiwa Mbeya, popote itakapokuwa rahisi kwako. Ada ya chuo cha ufundi wa alama na mabango, kama utapendelea hicho, nitaitafuta. Ukiamua kupanda basi kesho, nitakusindikiza stendi, na usipotaka nikusindikize nitabaki.

Nilifikiri niiweke barua hii kwenye begi lako, katikati ya nguo, uikute ukiwa umeshafika. Nimekuwa na wazo hilo wiki nzima na lilinipendeza sana. Nimegundua sasa hivi kwa nini linanipendeza. Ungesoma ukiwa mbali, na mama yako angeendelea kuwavalisha wadogo zako masweta.

Kwa hiyo mkirudi nitakupa mkononi, jua bado lipo, na nitakuambia ukakae chumbani uisome. Halafu nitamwita mama yako aje hapa bandani, na nitamweleza kwa mdomo, kuanzia kwenye chupa mpaka kwenye "labda". Yeye hapaswi kuambiwa na karatasi. Nimehesabu kwamba ukifika mstari huu nitakuwa nimeshamaliza kusema. Huenda utamsikia analia, huenda hutasikia kitu chochote, na hicho ndicho ninachokiogopa zaidi.

Toka uje umshike. Mwambie haikuwa mvua. Akilisikia kwako ataamini.

Baba yako